UZI: Kumtafuta askari aliyejeruhiwa vitani na hospitali alikolazwa kwa kutumia barua za familia (Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni)

#1 Nyaraka_Dom

Wakuu, salamu. Swali hili linarudi kila mara, kwa hiyo tuweke mambo pamoja. Kuna barua ya zamani sandukuni, inasema mtu wa ukoo alikuwa askari, aliumia, akalazwa. Familia inataka kujua alikuwa kikosi gani, alilazwa wapi, na kama hakurudi, amezikwa wapi.

Kinachopoteza watu wengi ni kuichukua hospitali iliyotajwa kwenye barua kuwa ndipo mtu alipopigwa. Aliyepigwa risasi hakuandika barua siku ile. Alifungwa kidonda karibu na pigano, akabebwa kwa machela hadi kambi ya tiba, akasukumwa tena nyuma mpaka hospitali kubwa ya kwenye reli au bandarini. Huko ndiko alikopata karatasi, karani wa kumwandikia, na posta. Kati ya jeraha na barua zinaweza kupita wiki kadhaa. Barua basi inakupa mwisho wa safari, nawe unairudisha nyuma kituo kwa kituo.

Anza kwa kujua ni vita vipi. Wazee hawakusema "Vita Kuu ya Kwanza". Ukikuta Mdachi (yaani Mjerumani), Makaburu au Wabeljiji, ni 1914 hadi 1918. Ukikuta Hitla, Habeshi, Bukini, Seloni au Bama, ni 1939 hadi 1945: Bukini ni Madagaska, Seloni ni Sri Lanka, Bama ni Myanmar ya leo. Neno "Keya" (K.A.R., King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Mwingereza) peke yake halitoshi, maana Keya walipigana vita vyote viwili.

Vyeo navyo vinasema. Ombasha, shaush, betshaush na sol ni vyeo vya jeshi la Wadachi, vilivyotokana na Kituruki kupitia askari wa Kisudani. Koplo na sajini ni upande wa Mwingereza. Ichukue kama dalili tu, kwa sababu baadhi ya Wasudani wa Keya za mwanzo nao walitumia vyeo vya namna hiyo.

Kisha nakili kila namba unayoiona, pamoja na herufi zilizotangulia, bila kuzirekebisha. Namba ya askari ina thamani kuliko jina. Jina liliandikwa na karani kwa sikio lake: Mpwapwa kwa Mdachi ni "Mpapua", na Chilewa angeandikwa "Tschilewa". Tena Mgogo aliyeitwa Yohana baada ya ubatizo anaweza kuwa jeshini kwa jina lake la nyumbani. Namba haibatizwi.

#2 Posta_na_Mihuri

Naongeza upande wa bahasha, kwa sababu watu hutunza barua wakatupa bahasha, au wakabandua stempu. Msifanye hivyo. Mara nyingi bahasha inajua zaidi kuliko barua, kwa kuwa askari alikatazwa kutaja mahali alipo, lakini muhuri ulipigwa na posta.

Kwa 1914–1918 upande wa Mwingereza, posta ya uwanja wa vita iliendeshwa na Jeshi la India. Utaona stempu za India zilizopigwa chapa I.E.F. (Indian Expeditionary Force), na muhuri wenye herufi F.P.O. (Field Post Office, yaani posta ya uwanja wa vita) na namba. Namba hiyo ni ya ofisi ya posta, siyo ya mji. Ofisi ilihama na jeshi, kwa hiyo namba ileile inaweza kuwa mahali pawili ndani ya mwaka mmoja. Soma namba NA tarehe kwa pamoja, vinginevyo utampeleka mtu mahali ambapo hakuwahi kufika. Kuanzia 1917 zinakuja stempu zenye chapa G.E.A. (German East Africa), nazo ni posta ya kawaida ya eneo lililotekwa. Chapa ya maneno ya Kifaransa na Kiflemi ni ya Wabeljiji, waliochukua Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Mtu wa Manyoni au Itigi mwenye barua ya namna hiyo asianze kutafuta Uingereza, aanze na nyaraka za Ubelgiji.

Kwa vita vya Hitla, tafuta O.A.S. iliyoandikwa juu (maana yake mwandishi yuko vitani), muhuri wa posta ya jeshi wenye namba, muhuri wa mkaguzi, na saini pembeni chini. Saini hiyo ni ya ofisa aliyeisoma barua, siyo ya askari. Wengi wameichukua kuwa jina la kamanda aliyepigana naye.

Muhuri uliofifia usiulowanishe wala kuupitishia kalamu. Zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu, iweke pembeni kabisa usawa wa karatasi, upige picha kutoka juu. Chuma cha muhuri kiliacha bonde kwenye karatasi hata pale wino ulipopotea, na mwanga wa ubavuni hulionyesha.

#3 MwanaKondoa

Shukrani wakuu. Kuna barua ya ukoo mmoja hapa Kondoa, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu ila lugha ni Kiswahili. Bahasha haipo. Inasomeka kuwa mwandishi ni ombasha, yuko "sibitali" Dodoma, mguu umepigwa. Tarehe ni mfunguo mosi, 1334. Familia inasema ni Januari. Inaanza kwa "mimi ni mzima, hofu ni kwenu", jambo linalowachanganya: mzima vipi na yuko sibitali?

#4 Khati_ya_Kale

MwanaKondoa, hiyo "mimi ni mzima, hofu ni kwenu" ni mlango wa barua, kila barua inapitia hapo. Mtu aliyekatwa mguu aliandika hivyo, na karani alimwandikia hivyo hata asipoambiwa. Habari ya kweli inaanza baada ya "wabaadu" au "ama baada ya salamu". Soma kuanzia hapo.

Tarehe: mfunguo mosi siyo Januari. Ni mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani, yaani Shawali, wa kumi katika kalenda ya Kiislamu. Ramadhani ya 1334 ilianza mwanzoni mwa Julai 1916, hivyo mfunguo mosi ulianza mwanzoni mwa Agosti 1916. Acha nafasi ya siku moja au mbili kwa ajili ya kuandama kwa mwezi.

Kuhusu khati: mwandiko wa zamani haukuwa na herufi za pekee kwa sauti zetu zote. P iliandikwa kwa herufi ya B, V kwa F, G kwa ghaini. Tena N na M zilizo mbele ya D au B ziliachwa. Kondoa inaweza kuonekana kama "kudua", na Mpwapwa kama "mbwabwa" au "bwabwa". Asiyejua hili hutangaza kuwa mji uliotajwa haupo kwenye ramani. Mpe msomaji mzoefu wa khati, usimwambie unatarajia kuona jina gani, kisha linganisha na orodha ya vituo vya reli na boma za wakati huo: Kilimatinde, Saranda, Gulwe, Kidete, Kilosa.

#5 Nyaraka_Dom

Mkuu Khati ametoa tarehe ambayo imebadilisha kila kitu. Jeshi la Makaburu chini ya van Deventer, lililopigana upande wa Mwingereza, lilichukua Kondoa mwezi Aprili 1916, likakaa hapo kupitia mapigano ya Mei, kisha likaingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916. Kwa hesabu ya mwezi hiyo ni mwishoni mwa Ramadhani. Mfunguo mosi unapoanza, Dodoma haimo tena mikononi mwa Wadachi.

Sasa tazama: ombasha, yaani yaelekea askari wa Mdachi, anaandika kutoka hospitali ya Dodoma wakati mji umeshachukuliwa na Mwingereza. Wadachi walipokuwa wakirudi nyuma katika vita hivi waliwaacha wagonjwa wasioweza kusafiri. Mtu alilala askari, akaamka mateka, kitanda kilekile. Kwa hiyo mtafuteni pande mbili: kama askari wa Mdachi na kama mateka wa Mwingereza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa limeweka mtandaoni kadi za mateka wa 1914–1918, unaweza kuzifungua bure. Waafrika humo ni wachache, lakini kuangalia hakugharimu kitu.

Orodha za Wadachi za waliokufa na kujeruhiwa zimeingizwa mtandaoni na zinatafutika kwa jina. Msitegemee kuwaona askari weusi humo. Zitumieni kwa maofisa: mkipata ofisa wa kombania ileile aliyejeruhiwa, mnapata tarehe na mahali pa pigano.

#6 Tiba_Jeshi

Ongezeni swali hili kwenye barua yoyote: amepigwa au anaumwa? Katika kampeni ya Afrika Mashariki maradhi yaliwalaza watu wengi kuliko risasi. Malaria, kuhara damu, homa ya papasi, homa ya mkojo mweusi, funza waliooza vidole, donda ndugu. Familia husikia "alilazwa hospitali ya vita" ikadhani ni risasi, kisha ikatafuta pigano ambalo halipo. Maneno ya barua yasomwe polepole: "nimepigwa", "nimeumia", "naumwa" na "sijiwezi" ni mambo manne tofauti.

Njia ya kuhamisha majeruhi nayo ilibadilika kwa mwezi. Dodoma ilipochukuliwa, Wadachi walikuwa wamevunja madaraja ya reli, na Dar es Salaam haikuchukuliwa mpaka tarehe 4 Septemba 1916. Hivyo majeruhi wa Agosti 1916 hakuweza kupandishwa treni moja kwa moja hadi pwani. Reli ilipotengenezwa mwelekeo uligeuka: Dodoma ikawa kituo cha kupokea wagonjwa kutoka upande wa Iringa na kuwasukuma mashariki. Barua mbili zenye neno "Dodoma", moja ya Agosti 1916 na nyingine ya katikati ya 1917, zinaelezea safari mbili tofauti kabisa.

Vita viliisha kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wadachi, kusalimisha jeshi Abercorn (Mbala ya leo) tarehe 25 Novemba 1918, lakini hospitali hazikufungwa siku hiyo. Na anayetajwa kufa kwa "kifua na homa" miezi ya mwisho ya 1918, fikirieni ile homa ya mafua iliyoenea dunia nzima.

#7 Chamwino_Kati

Hapa Dodoma wazee wengi wakisikia hospitali ya zamani wanasema Mirembe. Inawezekana ndiyo hiyo?

#8 Tiba_Jeshi

Kwa vita vya kwanza, hapana ndugu yangu. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ilianzishwa 1927. Simulizi ikisema "alilazwa Mirembe vita vya Mdachi", ama vita ni vya pili, ama msimulizi ameweka jina la hospitali anayoijua juu ya ile asiyoijua. Kwa askari wa vita vya pili aliyerudi na maradhi ya akili, Mirembe ni jambo la kuulizia kwa heshima na kwa siri, kwa sababu taarifa za mgonjwa ni za mgonjwa hata baada ya miaka mingi.

Kwa kupima tarehe za simulizi za Ugogo tumieni njaa. Njaa iliyoitwa Mtunya ilikuwa 1917 hadi 1920. "Alirudi na mguu mbovu wakati wa Mtunya" ni tarehe nzuri kuliko nyingi za kwenye makaratasi.

#9 Mpwapwa_Juu

Nami nina swali la vita vya Hitla. Barua ya Keya kutoka Bama, mwaka 1944, inataja "36" na hospitali lakini mji hautajwi. Hapo tunaanzaje?

#10 Nyaraka_Dom

Mpwapwa_Juu, hiyo 36 ikiwa ni batalioni ya Keya, uko pazuri. Batalioni ya 26 na ya 36 zilikuwa za Tanganyika, zote zikiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 mpaka Kalewa, iliyochukuliwa mwanzoni mwa Desemba 1944, ikavuka mto Chindwin. Majeruhi walitolewa kwa machela kwenye matope, kisha gari, na wengine kwa ndege, kuelekea Imphal na hospitali za India. Barua ya Oktoba 1944 isiyotaja mji huenda imeandikwa India.

Nyaraka za kuomba ziko Kew, Uingereza, kwenye Nyaraka za Taifa za huko. Shajara za vikosi vya upande wa Bama ziko kundi WO 172. Shajara za vitengo vya tiba, zikiwemo hospitali, ziko WO 177. Kwa vita vya kwanza shajara ziko WO 95. Katalogi inatafutika bure kwenye intaneti: andika namba ya kundi, kisha jina la kikosi, kisha mwaka. Shajara ya hospitali kwa kawaida haitaji majina ya wagonjwa wa kawaida, inataja idadi walioingia, walikotoka, na siku hospitali ilipohama. Hicho ndicho unachohitaji: ukijua hospitali ipi ilipokea majeruhi wa 36 wiki ile, umepata mji.

Medali za vita vya pili za Mwingereza hazikuandikwa majina. Nyota ya Bama sandukuni inathibitisha uwanja wa vita, haithibitishi mtu. Medali ya fedha ya vita vya kwanza ni tofauti: igeuze utazame ukingoni, namba, jina na kikosi vimechongwa hapo. Usiipige msasa wala dawa ya kung'arisha.

Kama hakurudi, ingia tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tafuta kwa namba ya askari kwanza, halafu kwa kikosi na tarehe, jina liwe la mwisho. Makaburi ya Imphal na Taukkyan yana Waafrika Mashariki, na wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye ukumbusho wa Rangoon. Waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 msiwatafute makaburini, watafuteni kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko Nairobi.

#11 Hombolo_1

Na wapagazi je? Maana kwa Ugogo waliochukuliwa kubeba mizigo ni wengi kuliko askari.

#12 Nyaraka_Dom

Hapa ndipo panapouma. Wapagazi walipewa namba na kibati cha chuma, lakini walipokufa wengi hawakuandikwa popote kwa jina. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawakumbuka wote kwa pamoja bila jina hata moja. Mwaka 2021 ile Tume ya Makaburi yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kuwa Waafrika na Waasia wengi hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu. Kwa hiyo mtu wenu asipoonekana kwenye tovuti, msihitimishe kuwa hakuwepo. Hakuandikwa.

Kibati kikiwepo, kipigwe picha pande zote mbili, kisisuguliwe. Kisipokuwepo, nguvu zielekezwe nyumbani: vitabu vya wilaya na majalada ya kikoloni kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako pia ziko nyaraka za Wadachi. Nenda na kitambulisho na maelezo ya ukurasa mmoja: jina kwa tahajia zake zote, kijiji, mtemi wa wakati huo, miaka. Usiseme "natafuta babu". Sema "naomba majalada ya wilaya ya Dodoma au Kondoa kuhusu wapagazi, malipo ya marehemu, au fidia, miaka fulani". Majalada yalipangwa kwa shughuli, hayakupangwa kwa ukoo.

Kisha daftari za ubatizo na ndoa za misheni za zamani za CMS (Church Missionary Society, wamisionari wa Kianglikana): Mpwapwa, Kongwa, Mvumi, Buigiri, Kilimatinde. Zimegawanyika katika dayosisi tofauti za Anglikana, kwa hiyo uliza kwanza parokia iko dayosisi ipi. Walimu wa misheni ndio waliosomea familia barua, na mara nyingine ndio walioandika majibu.

#13 Khati_ya_Kale

Kuhusu kutunza, kwa ufupi. Usipitishe barua kwenye mashine ya kuifunika plastiki, usiweke selotepu, usiihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Ikunjue, iweke kati ya karatasi nyeupe safi ndani ya bahasha kubwa ya karatasi, juu ya kabati, mbali na ukuta wa udongo ambako mchwa hupita. Picha piga pande zote mbili hata kama nyuma ni tupu, au skani kwa 600 dpi. Alama za kumbukumbu ziandikwe kwa penseli laini kwenye bahasha mpya. Humu jukwaani ficheni namba na majina ya vizazi vilivyo hai.

#14 Chamwino_Kati

Na majeruhi wa vita vya Kagera, 1978–79?

#15 Nyaraka_Dom

Njia ni nyingine, hao wengi bado wako hai au wajane wao wapo. Msianike nyaraka zao mtandaoni. Anzeni kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, mkiwa na namba ya jeshi na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Waliozikwa Kaboya, Kagera, wana eneo lao la kumbukumbu.

#16 MwanaKondoa

Nimepiga upya picha kwa tochi ya pembeni kama alivyosema Posta. Baada ya "ombasha" kuna neno "kombania" na tarakimu mbili. Ya kwanza ni moja. Ya pili ni 2 au 3, kichwa chake kimefifia.

#17 Khati_ya_Kale

Tofauti ya ٢ na ٣ ni jino moja tu juu. Lakini una bahati: mwaka wa barua ni ١٣٣٤, kwa hiyo mwandishi huyohuyo amekuandikia tatu mbili kwenye karatasi ileile. Kata picha ya hizo mbili, weka kando ya hiyo yenye shaka kwa ukubwa mmoja, utazame upana wa kichwa na mahali mkia unapoanzia. Aliyeandika tatu yenye kichwa kipana atakuwa na pengo pana hata jino likifutika.

#18 Nyaraka_Dom

Na jibu lina uzito. Kabla ya vita kombania ya 12 ya Wadachi ilikaa Mahenge, ya 13 ilikaa Kondoa, na ya 4 ilikaa Kilimatinde. Ikiwa ni 13, ni kombania iliyokuwa nyumbani kwenu hapo hapo, na ilipigana Tanga Novemba 1914. Ikiwa ni 12, mtu huyu alitoka mbali na nyumbani kabla hajajeruhiwa, na safari ya kurudisha nyuma inaanza upande mwingine kabisa. Weka picha ya hizo tarakimu tatu humu, bila majina.